Jinsi ya Kwenda Kwenye Mechi Isiyo ya Timu Yako: Mwongozo kwa Shabiki wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mwanza ni mji uliozoea kutazama mechi za watu wengine. Agosti 10, 1974, Simba na Yanga, zote za Dar es Salaam, zilikutana Uwanja wa Nyamagana kuamua nani bingwa wa Tanzania. Adam Sabu aliitanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha mpira ukielekea mwisho, na Sunday Manara akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Yanga wakaondoka na ubingwa kwa 2-1. Miaka 48 baadaye, Mei 28, 2022, watani hao wa jadi walirudi mjini, safari hii CCM Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na bao la Feisal Salum likaipeleka Yanga fainali.

Siku za namna hiyo hazihitaji mwongozo. Watu hutoka Sengerema, Magu, Ukerewe na Shinyanga, na asubuhi tu mji umeshajaa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya siku nyingine zote: Jumatano Pamba Jiji inapocheza na timu ya Mbeya au Lindi, Jumapili wasichana wa Alliance wanapokuwa Nyamagana, au jioni ambayo kiwanja cha mtaa wa pili kina fainali ya ndondo na wewe hujui hata mchezaji mmoja. Ninaamini shabiki asiyewahi kukaa kwenye mechi isiyo yake hajamaliza kuujua mpira, na ninaamini pia klabu za kandokando ya ziwa zinamhitaji mtu huyo kuliko anavyodhani. Kwenda si kazi ngumu. Kunataka maandalizi kidogo na adabu nyingi.

Chagua mechi ndogo kwanza

Usianze na mechi ya Simba au Yanga dhidi ya Pamba Jiji. Siku hiyo hakuna asiye na upande; hata anayeuza maji ana timu, na wewe mgeni utajikuta umebanwa katikati ya watu wasio na muda wa kukufundisha chochote. Anza na mechi ambayo magazeti ya Dar yataiandika kwa mistari mitatu.

Mwanza ina ngazi nyingi za kuchagua. Juu kabisa iko Pamba Jiji, ambayo wenyewe huiita TP Lindanda au Wana Kawekamo. Mwaka 1990 Pamba ilikuwa bingwa wa Muungano. Baadaye ikashuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2024 ikapanda tena kwa jina hili jipya lenye Jiji ndani yake. Chini yake kuna ligi za madaraja ya chini, na humo ndimo utakapokutana na majina yaliyowahi kutikisa. Toto African, Wana Kishamapanda, walishuka Ligi Kuu mwaka 2017. Mbao FC, timu iliyozaliwa na watu wa biashara ya mbao, iliitoa Yanga kwa 1-0 pale Kirumba Aprili 30, 2017 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha ikafungwa na Simba 2-1 kwenye fainali ya Dodoma iliyoingia muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye nayo ikashuka. Kuna ligi ya wanawake, ambako Alliance Girls wamelea vipaji vingi. Na kuna mchangani, mpira wa bure, ambao mstari wa pembeni unachorwa kwa miguu ya watazamaji.

Ushauri wangu: mara ya kwanza nenda Nyamagana. Uwanja uko katikati ya mji, hauhitaji nauli kubwa, na watazamaji wanakaa karibu na mchezo. Ukishazoea, hamia Kirumba.

Ratiba na tiketi

Ratiba ya ligi yetu hubadilika. Timu ikiwa na mechi ya kimataifa, mechi yake ya ligi husogezwa. Uwanja ukikosa sifa, Bodi ya Ligi huweza kuufungia na mwenyeji akalazimika kuhamia mkoa mwingine. Kwa hiyo usitegemee ratiba uliyoiona mwezi uliopita. Angalia tena jana yake na asubuhi ya siku yenyewe, kwenye kurasa za klabu au redio za hapa mjini.

Mechi nyingi huanza saa kumi jioni. Panga uwe mlangoni saa tisa. Kwa mechi kubwa tiketi siku hizi ni za kielektroniki, na simu isiyo na chaji au salio itakuchelewesha dirishani wakati wenzako wameshaingia. Usinunue tiketi kwa mtu wa pembeni anayekuambia ndani kumejaa. Kirumba unatajwa kuchukua watu wapatao 35,000, na kwa mechi ya kawaida hakujawahi kukosekana pa kukaa.

Halafu lipa. Nalisema hili kwa uzito, maana wapo wanaoona ni ujanja kuingia bure kwenye mechi ambayo “si yao”. Timu ndogo inahesabu watu mlangoni. Makato yakishatolewa, kinachobaki kwa mwenyeji ndicho kinachonunua maji, mafuta ya basi na posho ya vijana. Kiingilio chako, kwa timu isiyo na mdhamini mkubwa, kina uzito ambao hakitaupata ukikipeleka kwa mkubwa.

Nguo na rangi

Rangi nchini kwetu ni kauli. Nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga, na mtazamaji wa mbali hasomi maandishi ya kifuani. Jezi ya Arsenal au Manchester United, hata kama umeinunua kwa mapenzi ya Uingereza, kwenye mzunguko itahesabiwa kuwa nyekundu basi. Vaa kijivu, kahawia, buluu iliyopauka, shati la kazini. Kofia ni lazima kwa mzunguko, maana jua la saa kumi Mwanza bado linachoma. Miezi ya vuli na masika beba koti jepesi la mvua. Mwavuli utamziba aliye nyuma yako, naye atakuambia.

Usivae jezi ya wenyeji siku ya kwanza. Ni kishawishi cha kuonyesha heshima, lakini mwenye timu akikuona na jezi mpya ya klabu yake atakuuliza kipa wa msimu uliopita alikuwa nani. Jezi isubiri hadi uwe umeshawajua wachezaji. Ukitaka kuonyesha heshima mapema, nunua skafu au bendera ndogo kwa kijana anayeuza nje ya uwanja, uiweke mfukoni, uende nayo nyumbani.

Mahali pa kukaa

Jukwaa kuu lina kivuli, na ndipo pazuri kwa aliyekuja na mtoto, mama au mzee. Mzunguko ni wa bei ndogo na ndiko mpira unakozungumzwa. Kama lengo lako ni kujifunza, kaa mzunguko, usawa wa mstari wa kati au nyuma yake kidogo, si nyuma ya goli. Nyuma ya goli utaona mabao vizuri lakini hutaona yalikotoka.

Epuka sehemu ya ngoma na matarumbeta. Hao ndio moyo wa klabu, wana nafasi yao tangu zamani, na mgeni anayekaa kimya katikati yao anaonekana kuwachunguza. Kaa safu mbili tatu pembeni. Ukifika, uliza “Hapa pana mtu?” kabla hujakaa, hata kama pako wazi. Msalimie aliye jirani: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, na kama unajua Kisukuma hata cha kuombea maji, saa hizo si mwangaluka tena, ni mwadila. Akikusogezea gazeti la kukalia, sema wabeja. Kufikia mapumziko utakuwa umeshaelezwa nani mtoto wa nani.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi: usizungukezunguke. Usipite nyuma ya goli kabla mechi haijaanza, usisimame karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, usipige picha za watu waliokaa hapo bila jezi na bila kazi inayoonekana. Imani za ushirikina zipo kwenye mpira wetu, na klabu zimewahi kutozwa faini kwa kukwepa mlango rasmi wa kuingilia. Sura ngeni inayozurura mahali pasipo pake huleta maswali, na watakaokuuliza hawatakuuliza kwa upole. Nunua karanga zako, kaa, tulia.

Ukiulizwa wewe ni wa timu gani

Utaulizwa. Hapa ndipo mwongozo wote ulipo, kwa sababu jibu lako ndilo litakalokupa dakika 90 za raha au za kubanwa.

Sema ukweli. “Mimi ni wa Simba, leo nimekuja kuitazama Pamba.” Hakuna atakayekukasirikia, kwa sababu huenda naye ana mbili. Mtu wa Mwanza mara nyingi ana timu ya Dar na timu ya nyumbani, na hizo mbili huishi ndani yake bila kugombana mpaka ratiba izikutanishe. Zikikutana, kila mtu anapima mwenyewe. Wapo watakaovaa nyekundu siku Simba inapokuja na kurudi Pamba kesho yake. Wapo ambao siku hiyo ndiyo wanajua kwa hakika wao ni wa wapi. Na lipo kundi la tatu, kubwa kuliko yote: Simba ilipokuja Kirumba Novemba 2024 na kuifunga Pamba Jiji 1-0, kila mwana Yanga wa mji huu alikuwa Pamba jioni ile. Yanga ikija, zamu inageuka.

Kwa hiyo uongo hausaidii. Ukisema “mimi sina timu” utaonekana unaficha, maana kwetu mtu asiye na timu ni nadra. Ukijifanya wa Pamba tangu utotoni, mzee wa pembeni atakupeleka kwenye kikosi cha Khalfan Ngassa, akuulize nani alikuwa anacheza nyuma yake. Lakini ukisema ukweli na kuongeza “nifundishe”, umempa mtu kazi anayoipenda. Utaambiwa winga wa kulia anatoka Igoma, kipa alikuwa akidaka mchangani, na kocha amekosea kumweka nje namba nane.

Jitahidi kusikiliza zaidi ya kusema. Usianze sentensi kwa “kwetu Yanga” au “sisi Simba tungemsajili huyu”. Hilo la pili ndilo linaloumiza kuliko matusi, kwa sababu ni kweli. Timu za kanda hii zimekuwa zikilea na kutoa kwa miaka mingi. Mrisho Ngassa, mtoto wa Khalfan yule wa Pamba, alipita Kagera Sugar kabla ya kuvaa jezi za Yanga, Azam na Simba. Jerson Tegete, ambaye baba yake John Tegete anajulikana kwa kuinoa Toto African, alikuwa straika wa Yanga. Mwenyeji anayekutazama ukimsifia kinda wake anajua ukisifia sana ndipo atakapoondoka. Msifie mchezaji, usimnunue kwa mdomo.

Mambo ya kutazama

Ukiwa kwenye mechi ya timu yako hutazami mpira, unatazama matokeo. Moyo unakwenda na mpira, na yote yanayotokea mita 30 kutoka ulipo mpira yanakupita. Faida kubwa ya mechi isiyo yako ni macho yaliyo huru. Yatumie.

Dakika 15 za kwanza, chagua mchezaji mmoja asiyetajwa na mtu. Beki wa kushoto anafaa. Mfuate yeye tu. Tazama anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, anaangalia nyuma mara ngapi, anamwambia nini winga wake. Utashangaa jinsi anavyofanya kazi bila kuugusa mpira.

Kisha sikiliza. Nyamagana, kwenye mechi ya watazamaji wachache, sauti ya kipa inafika jukwaani yote: “Toka! Toka!” anawafukuza mabeki wapande, halafu “Mtu nyuma!” kiungo akiwa amepokea mpira bila kutazama, halafu “Wangu!” na mabeki wawili wanainama awapite juu. Nyasi pale ni za bandia. Mpira ukidunda karibu nawe utaona chembe nyeusi za mpira zikiruka kutoka chini, na ukimtazama winga aliyeteleza kuzuia kona utaona amesimama na ule weusi umemganda kwenye goti na soksi, anaufuta kwa kiganja huku akimlalamikia kibendera. Vitu hivi televisheni haikuonyeshi, na kwenye mechi ya timu yako usingeviona.

Kirumba kuna upepo. Uwanja hauko mbali na ziwa, na mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Angalia bendera za kona kabla mpira haujaanza, kisha angalia kipa gani anapiga mipira mirefu na inaishia wapi. Timu iliyouzoea uwanja hupiga chini upepo ukiwa usoni na kujaribu mbali ukiwa mgongoni. Mgeni hujifunza hilo kipindi cha pili, na mara nyingine ameshafungwa.

Tazama benchi pia. Timu yenye fedha hubadilisha mchezaji kwa sababu inataka kubadilisha mchezo. Timu isiyo na fedha hubadilisha kwa sababu kijana amechoka na hana mbadala wa aina yake. Ukielewa tofauti hiyo utaacha kuwacheka makocha wa timu ndogo.

Na tazama jukwaa. Atakuwepo mtu ameweka simu sikioni, anasikiliza mechi ya timu yake ya Dar huku macho yakiwa kwa Pamba, na uso wake utakuambia matokeo ya viwanja viwili kwa wakati mmoja.

Utani na mipaka yake

Wenye timu watakutania. Ni dalili kwamba umekubaliwa. Mpira wetu umeazima utani kutoka kwenye utani wa makabila, ndiyo maana Simba na Yanga zikaitwa watani na si maadui, na utani wa uwanjani una sheria zake. Mtani anaweza kusema timu yako ni mbovu, mwenyekiti wako ni mropokaji, kombe lenu mlilipata kwa refa. Hagusi mama wa mtu, msiba, ugonjwa wala ulemavu. Hakushiki mwilini kama hamjazoeana.

Wewe mgeni unapokea kwanza, unajibu baadaye, na unajibu kwa kipimo kidogo kuliko ulichopewa. Ukitaniwa kwamba umefuata sato, si mpira, jibu kwamba sato umeshamla, sasa unasubiri bao. Inatosha. Usitanie timu inayoshuka daraja. Kwa shabiki wa kanda hii jambo hilo si utani: Toto 2017, Stand United ya Shinyanga 2019, Mbao na timu ya wanaume ya Alliance 2020, Gwambina ya Misungwi na Mwadui 2021, Biashara United ya Musoma 2022, Geita Gold 2024, Kagera Sugar 2025. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, kati ya timu zote za kanda hii, Pamba Jiji ndiyo pekee iliyokuwa Ligi Kuu. Mtu aliyezika timu nyingi hivyo hataniwi kaburini.

Na kama umeweka mkeka, usiutoe mfukoni. Mwenye mkeka si mgeni tena, ana fedha zake uwanjani. Ukishangilia kona ya dakika ya 88 kwa sababu ulihitaji kona tisa, jirani yako atakuelewa mara moja na hatakuheshimu.

Bao likiingia, na hali ikichafuka

Wenyeji wakifunga, simama. Si lazima upige kelele. Simama na upige makofi, maana kukaa peke yako wakati mzunguko mzima umeinuka ni kauli. Wageni wakifunga, kaa kimya hata kama ni bao zuri kuliko yote uliyowahi kuliona. Subiri. Hasira ikipoa, wenyewe wataanza kulisifia: “Lakini yule mtoto kapiga.” Hapo ndipo na wewe unasema.

Usimtukane refa. Huna haki hiyo, si timu yako. Chupa zikianza kuruka, sogea juu na pembeni, mbali na uzio na lango. Usikimbie na kundi kuelekea mlango mmoja. Filimbi ya mwisho ikipigwa, kama mechi ilikuwa ya moto, baki umekaa dakika kumi na kitu; wenye haraka watakuwa wameshatoka. Kama una mtoto, toka dakika tano kabla. Bodaboda wa mlangoni siku hiyo hupandisha bei, na ukitembea mpaka barabara kuu utapata daladala kwa nauli ya kawaida.

Ukimwona shabiki wa timu ngeni akisukumwa au kuvuliwa jezi, usipite. Si lazima upigane. Mkaribishe akae karibu yako, mweke katikati ya wazee, waite walinzi. Wenyeji wengi wanachukia jambo hilo ila wanasubiri mtu wa kwanza aanze kusema.

Ukitoka nje ya Mwanza

Shabiki aliyezoea Kirumba na Nyamagana anapaswa kulizunguka ziwa. Timu zilizoshuka hazikufa, zinacheza madaraja ya chini kwenye viwanja vyao, na viwanja hivyo vina tabia.

Geita sasa ni safari ya kwenda na kurudi. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na ule muda wa kusubiri kivuko haupo tena. Uwanja ni Nyankumbu. Geita Gold waliocheza hapo walifika Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2022, na George Mpole akiwa nao alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17. Watu wa hapo wanakumbuka kila bao.

Musoma ni kilomita zipatazo 220 kwa basi, kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Uwanja wa Karume ni mdogo, na mashabiki wa Mara husema wanachofikiri bila kukizungusha. Usichukulie ni ugomvi. Biashara United waliiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, wakaitoa Dikhil ya Djibouti, halafu safari ya Libya ikawashinda. Ukitaka kuzungumza nao, anzia Djibouti.

Bukoba nenda kwa meli kama unaweza. Inaondoka Mwanza usiku na kukufikisha asubuhi, na mjadala wa mpira huanza kabla hamjaiacha bandari. Kaitaba iko karibu na ziwa, nayo ina nyasi bandia. Kagera Sugar walikaa Ligi Kuu muda mrefu hadi 2025, na mashabiki wao wana utulivu wa watu walioona mengi. Ukiacha Geita, kila unakokwenda panga kulala. Mechi ya saa kumi haikuachii basi la uhakika la kurudi, na barabara ya usiku si ya kuichezea kwa sababu ya mpira.

Ukirudi nyumbani

Kariri majina matatu ya wachezaji uliowaona. Wiki ijayo tafuta matokeo yao. Mwambie rafiki yako mmoja habari ya yule beki wa kushoto na umwalike mwende pamoja. Timu yako ya zamani haitapungukiwa na kitu. Simba na Yanga zina watu nchi nzima, na mapenzi ya mpira hayagawanyiki kama ugali.

Mji unaoweza kuujaza Kirumba kwa ajili ya klabu mbili za Dar una watu wa kutosha kuziokoa klabu zake. Sisemi kwamba timu zote zile zilishuka kwa kukosa watazamaji; zilikuwa na matatizo ya uongozi, ya fedha na ya usajili. Lakini timu inayocheza mbele ya majukwaa matupu haina wa kumuuliza kiongozi maswali, haina kiingilio, na mdhamini akija kuitazama anageuza gari. Basi fungua ratiba ya wiki hii, tafuta mechi ambayo hukuwa na mpango nayo, lipa kiingilio, ukakae na wenye timu. Wanakuhitaji.